Ununue intafesi ama upigane na draiva kwanza? Mimi nililipia pande zote mbili

Kila wiki lazima kuna mtu ananiuliza hii swali, na akiuliza huwa ashaamua jibu: sauti inakatika nikirekodi kwa kompyuta, tak tak tak, ninunue intafesi gani (kile kisanduku cha kuingiza maiki kwa kompyuta)? Mimi namrudishia swali, umejuaje shida ni kadi ya sauti? Kimya. Ameambiwa na mtu. Sasa wacha niandike hapa mara moja, nikiulizwa tena niwe natuma hii tu, juu mimi mwenyewe nilitoa pesa kwanza nikafikiria baadaye, na ile pesa ilikuwa ya kodi.

Niko Kakamega, upande wa Lurambi, chumba kimoja nimebandika blanketi na trei za mayai ukutani (trei hazizuii kelele, najua, zimekaa tu hapo kwa sababu mteja akiziona anaamini ameingia studio). Mashine ni deskitopu ya ex-UK kama za wengi wetu, Core i5 ya kitambo, RAM 8, Windows 10. Kazi zangu nyingi ni kwaya na vikundi vya isukuti, na kama hujui isukuti, ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na zinapigwa kwa mwendo ambao mwimbaji akichelewa kidogo tu, kila mtu kwa chumba anasikia.

Siku yenyewe ngoma tulikuwa tumeshamaliza, imebaki mama mwimbishaji aimbe juu yake akiwa na hedifoni. Wakati huo nilikuwa natumia sauti ya ndani ya kompyuta yenyewe, ile shimo ya maiki ya pinki nyuma, na ASIO4ALL, draiva ya bure inayoipa kadi ya kawaida njia ya haraka ya sauti inayoitwa ASIO. Nikaweka bafa (sampuli ngapi za sauti zinasubiri kabla zipite) 128, sauti yake inarudi kwake haraka vizuri lakini kila baada ya sekunde kadhaa, tak. Nikapandisha hadi 512, tak ikapotea, lakini mama akatoa hedifoni akaniangalia. "Kijana, mbona ninajisikia nikiimba kutoka ng'ambo ya mto?" Nikarudisha 128. Tak. Nikaweka 256, tak zimepungua na mto umepungua lakini vyote viko. Tuliendelea hivyo mpaka stima ikapotea ikatuokoa wote.

Kesho yake nikaenda nikanunua intafesi ya USB, mashimo mawili ya maiki, inang'aa kabisa. Nikaifunga, nikaweka bafa 128, nikaanza kurekodi. Tak. Ileile. Haki nilikaa chini.

Venye nimekuja kuelewa baadaye ni kwamba kuna magonjwa mawili hapa na sisi tunayaita jina moja. Kuna kukatika, na kuna kuchelewa. Intafesi inatibu kuchelewa. Kukatika mara nyingi ni kompyuta yenyewe, na dawa yake hainunuliwi. Ukipandisha bafa unakuwa umelipia kukatika kwa kuchelewa, ndio maana watu wanazunguka hapo katikati miezi sita wakidhani wamelogwa.

Chukulia maji ya mkokoteni. Hapo nyumbani una tangi na mfereji unaotiririka bila kusimama, huo mfereji ndio spika yako. Mtu wa mkokoteni ni prosesa, analeta mitungi anamwaga kwa tangi. Bafa ni tangi. Tangi likiwa kubwa, hata akichelewa mfereji haukauki, lakini kila tone linakaa sana ndani kabla lifike kwa kikombe. Tangi likiwa dogo unapata maji saa hiyohiyo, ila akichelewa kidogo mfereji unakohoa hewa, na kukohoa huko ndio hiyo tak. Sasa draiva ni programu ndogo inayoendesha kifaa, na draiva mbovu ni jirani ameegesha lori kwa geti. Mtu wa mkokoteni ana nguvu, mitungi imejaa, lakini hapiti. Wewe unaenda kununua mfereji mpya.

Hesabu zake ni rahisi, gawa bafa kwa kasi ya sampuli, yaani sampuli ngapi za sauti kwa sekunde. Kwa 44,100, bafa ya 128 ni milisekunde 2.9, ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6, ya 1024 ni 23.2. Na hiyo ni ya kuingia peke yake, kuna ya kutoka pia, kwa hivyo 512 kwenda na kurudi ni kama 23 na bado hujahesabu kazi ya kifaa chenyewe kubadilisha sauti. Sauti hewani inatembea karibu sentimita 34 kwa milisekunde moja, maana yake yule mama alikuwa anajisikia kama amesimama mita nane mbali na mdomo wake mwenyewe. Ng'ambo ya mto kweli, si alisema.

Kujua nani ameegesha lori, shusha programu inaitwa LatencyMon, ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Bonyeza kitufe cha kuanza, cheza muziki, iache dakika kumi hivi ukifanya mambo yako ya kawaida, usikae ukiitazama tu juu kompyuta ambayo haifanyi kitu haitakuonyesha kitu. Halafu enda kwa ukurasa wa Drivers, panga orodha yenye muda mrefu zaidi ije juu, soma jina la kwanza. Microsoft wenyewe wanawaambia watengenezaji wa draiva kwamba kazi za ghafla ambazo draiva inamkatiza nazo prosesa zisipite maikrosekunde 100. Mimi nilikuta ndis.sys imefika 4,100. Hiyo ni milisekunde 4.1, na bafa yangu ya 128 inabeba 2.9, sasa lazima mfereji ukohoe, haijalishi intafesi ni ya nani. Na ona pia kwa nini 512 ilinyamaza, 11.6 inameza hiyo 4.1 bila shida. Siku hiyo nikahisi nimesoma fizikia yote ya fomu tatu kwa dakika moja.

ndis.sys ni upande wa mtandao wa Windows, haimaanishi hilo faili ndilo bovu, inamaanisha kuna kitu cha mtandao kinapitia hapo kinafanya fujo. Kwangu ilikuwa ka-adapta ka waifai ka USB nilikonunua bei ya soda mbili, hakana hata jina. Nilikachomoa. Maikrosekunde zikashuka hadi 180 zikakaa hapo. Nikarekodi dakika kumi na mbili za 128 bila tak hata moja, kwa intafesi, halafu kwa uchungu nikajaribu tena na ile sauti ya ndani ya kompyuta, na yenyewe haikukatika. Yaani nilienda kununua dawa ya kichwa wakati kiatu ndio kilikuwa kinabana.

Majina mengine utakayokutana nayo kwa hiyo orodha: nvlddmkm.sys ama dxgkrnl.sys ni upande wa kadi ya picha, jaribu draiva nyingine, wakati mwingine ya zamani ndio nzuri. Wdf01000.sys ni mwavuli tu, chini yake kuna kifaa fulani, mara nyingi cha USB, kwa hivyo chomoa kimoja kimoja. ACPI.sys mara nyingi ni mambo ya umeme na BIOS, ile programu ya ubao wenyewe. storport.sys, angalia diski. Na kwa Device Manager unaweza kuzima kifaa kimoja, ukapima, ukarudisha, ukazima kingine: waifai, Bluetooth, kamera. Usiguse za diski, prosesa, wala kadi ya picha, utalala njaa.

Kabla hata ya hiyo LatencyMon kuna mambo matatu ya bure ambayo nimeona yakimaliza nusu ya kesi. Kwanza mpango wa umeme wa Windows uweke High performance, juu prosesa inayolala na kuamka kila mara inachelewa kuamka. Pili, uzime ile ya kulaza USB, iko ndani ya setingi hizohizo za umeme, inaitwa USB selective suspend. Tatu, hamisha kebo ya intafesi kutoka mbele ya kompyuta uichomeke nyuma moja kwa moja kwa ubao, bila habu, bila kebo ya kurefusha. Kwa hizi ex-UK shimo za mbele zimeingizwa na kutolewa flashi miaka mingi huko Uingereza kabla zifike kwetu, zimelegea, ukigusa meza tu kifaa kinapotea.

Haya, tuseme kompyuta umeisafisha. Hapo ndipo kulinganisha kunakuwa na maana, na jibu linategemea wewe unafanya nini, nitakupea watu watatu ninaowajua pamoja na mimi.

Kuna jamaa yangu Kisumu, Kondele hapo, anatengeneza ohangla, muziki wa Waluo, kwa programu ya FL Studio, anapiga kibodi ya MIDI (inatuma amri tu, si sauti) na sauti zote zinatoka ndani ya kompyuta. Huyu ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote, kwa sababu intafesi ina kitufe cha kujisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta, lakini kwa kibodi ya MIDI hicho kitufe hakisaidii kitu, sauti haipo mpaka kompyuta iitengeneze. Yeye lazima bafa iwe ndogo, na bafa ndogo inataka mashine safi, hakuna njia ya mkato. Alianza na FL Studio ASIO, ile inakuja na programu yenyewe, uzuri wake inakubali uendelee kusikia YouTube na FL kwa pamoja, unajifunza biti huku unaipiga. Ubaya wake, kwake ilikataa kushuka sana bila kukwaruza. ASIO4ALL ilishuka zaidi, kwa kompyuta ileile sauti ileile ya ndani, lakini inashika kadi yote peke yake, ukifungua FL YouTube inanyamaza, na kama kivinjari kilikuwa kimeshika kadi kwanza basi ASIO4ALL ndiyo inakosa. Yeye akachagua ASIO4ALL akaacha YouTube kwa simu. Intafesi alinunua baadaye sana, yenye draiva yake ya ASIO ya kampuni yenyewe, na hapo ndio alishuka hadi 64 na inakaa. Kwa hivyo kwake intafesi ilifaa, ila ilifaa ikiwa ya mwisho.

Wa pili yuko Nakuru, Section 58, anarusha ibada ya kanisa mtandaoni kila Jumapili na programu ya OBS. Alikuwa anataka nimshauri bafa. Bafa ya nini? Waumini walio nyumbani hawawezi kujua wimbo umechelewa milisekunde mia, wako nyuma sekunde kadhaa tayari. Yeye anataka kitu kimoja tu, isikatike. Huyo akae na WASAPI, njia ya sauti ya kawaida ya Windows yenyewe, ile programu zote zinagawana, aache ASIO kabisa, atoe sauti kwa miksa ya kanisa iingie kwa kompyuta, na badala ya kununua intafesi atoe hiyo pesa anunue kebo ndefu ya mtandao aache waifai. Shida yake ya kukatika ilikuwa kingine kabisa: miksa ilikuwa 48,000 na Windows imewekwa 44,100, sauti inabadilishwa njiani. Tukaweka zote 48,000 kila mahali, kwa Windows, kwa OBS, kwa miksa. Ikatulia. Hiyo kitu ya kulinganisha namba watu wanaidharau sana.

Wa tatu ni mimi, na wote wanaorekodi watu wakiimba. Hapa intafesi inashinda hata kama ni ya bei ya chini, kwa sababu ya kile kitufe cha kujisikia moja kwa moja. Mwimbaji anajisikia kabla sauti haijaingia kompyuta, kwa hivyo hata nikiweka bafa 1024 yeye hajui. Yule mama alirudi, nikamwekea 512, nikamfungulia hicho kitufe, akaimba mara mbili akamaliza, akaniuliza kama nimehamisha mto. Hilo ASIO4ALL haiwezi kukupea kwa shimo ya pinki hata ufanye nini. Ila kumbuka kuzima sauti ya ile traki ndani ya programu, ama atajisikia mara mbili, yeye na kivuli chake.

Kuna mtego mmoja wa hao wa maiki za USB. Unanunua maiki ya USB, hedifoni umechomeka kwa kompyuta, ASIO4ALL inakukubalia uunganishe vyote viwili, unafurahi, halafu baada ya dakika tano hivi, tak. Dakika nyingine tano, tak. Kila kifaa kina saa yake ndani, hazilingani kabisa, moja inakimbia kidogo kuliko nyingine mpaka pengo linatokea. Hiyo si draiva mbovu. Kama maiki yako ina shimo ya hedifoni, chomeka hedifoni hapo, vyote vitumie saa moja. Na tak inayokuja kwa ratiba namna hiyo ndio dalili yake, ya draiva huwa haina adabu, inakuja ikitaka.

Ukiamua kununua, uliza swali moja tu dukani: hii ina draiva yake ya ASIO ama nitatumia ASIO4ALL? Kuna vijisanduku vingine ukisoma karatasi ndani vinakuambia uende ukashushe ASIO4ALL. Sasa hapo umenunua shimo za maiki nzuri na kile kitufe, sawa, lakini usidhani umenunua kasi. Kwa mimi ninayerekodi sauti ningekubali. Kwa jamaa wa Kondele ningemkataza.

Na kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, ile inayolia krr krr, wacha mambo ya intafesi kwanza. LatencyMon ina sehemu ya kuhesabu mara ambazo programu imetafuta kitu kwa RAM ikakosa ikaenda kuchukua kwa diski, ikiwa nyingi sauti inasimama kabisa nusu sekunde, haipasuki, inasimama. SSD ndogo na RAM ya kuongezea zitakusaidia kuliko sanduku lolote la maiki. Mimi ningepanga hela hivi: bure kwanza, SSD pili, intafesi tatu. Nilipanga kinyume.

Mngurumo wa mmm usiokoma si hii habari, hiyo ni mambo ya umeme na earth ya nyumba, tafuta fundi wa stima.

Linux nayo? Nimejaribu Ubuntu Studio kwa mashine hiihii, diski tofauti. Kwa kurekodi tu, na programu kama Ardour ama Reaper, inakaa vizuri sana, PipeWire (ndiyo inagawa sauti huko Linux) inakuachia programu zote zitoe sauti pamoja na bado bafa ni ndogo, na ukiandika pw-top kwa terminal (dirisha la kuandika amri) unaona safu ya makosa ikihesabu kila ikikatika, huhitaji kupiga ramli. Kuanzia kerneli (moyo wa Linux) 6.12 ya mwaka 2024 ile kazi ya wakati halisi, ya kuhakikisha kazi ya haraka haicheleweshwi, imeingizwa ndani ya kerneli yenyewe baada ya kukaa nje miaka mingi. Lakini FL Studio haina toleo lake la Linux, na plagini zako (vyombo na vionjo vya kuongezea) za Windows utazipitisha njia ya panya ya Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, zingine zitakubali, zingine zitakuchekea. Kama kazi yako yote iko FL usijisumbue. Ila fikiria pia kwamba Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na hizi i5 za zamani chini ya kizazi cha nane Windows 11 haizitambui rasmi, kwa hivyo wengi wetu itabidi tuchague, ama Linux, ama kompyuta ya studio isiguse intaneti kabisa. Mimi nimechagua ya pili kwa sasa, na kwa bahati kukata intaneti ndio kulikomaliza tak.

Sai naendesha 128 nikiwa napanga ngoma, 512 mwimbaji akiingia, 1024 nikichanganya. Nikihitaji kutuma wimbo kwa mteja naubeba kwa flashi hadi kwa laptopu. Ile adapta nilimpea kijana wa duka jirani, ameifunga kwa kompyuta yake anaangalia mpira kila wikendi, na hajawahi kulalamika.